Verna wa Ndani ya Mkia

Verna Klaassen alitengeneza ndege miaka kumi na moja pale Wichita, Marekani, na hakuwahi kupanda hata moja. "Nimeshaolewa na rubani," alikuwa akisema, "presha hiyo inanitosha."

Mimi ndiye niliyekuwa mwenzake. Mimi nje na bunduki ya kupigia ribiti, vile vimisumari vya kuunganishia bati, yeye ndani ya ndege, amejikunja, ameshika chuma cha kukingia upande wa pili. Hatukuonana wala kusikizana kwa zile kelele, basi tuliongea kwa kugonga bati. Akigonga mara moja, ribiti imekaa. Mbili, piga tena. Tatu, imeharibika, itoe uanze upya.

Ndege zetu zilikuwa watoto wa tumbo moja. Ya kwanza ya watu wawili, ya pili wanne, na mwaka ule wa hamsini na saba wakubwa wa kiwanda wakataka ya watu sita: injini ile ile moja, mabawa yale yale, tumbo refu. Orval, mume wa Verna, ndiye angeirusha mara ya kwanza, Jumatatu, wanunuzi wakitazama.

Ijumaa tulifika kiungo cha mkia, safu ya mwisho. Msimamizi kanisimamia mgongoni, saa mkononi. Verna akagonga tatu. Nikatoa, nikapiga upya. Tatu tena. Alipogonga tatu kwa mara ya nne nikaweka bunduki chini, nikapaza sauti kwenye tundu: "We mwanamke, unashona gauni la harusi? Tumechoka wenzio!"

"Ribiti zimelala upande, shoga. Nazipapasa hapa."

"Si zilale! Ziko mia mbili, hizo chache zitamfanya nani nini?"

Msimamizi akacheka. Kisha Verna akagonga, mara moja.

Jumatatu mkia ulikatika angani, Orval akaanguka na ndege kwenye shamba la ngano iliyokaribia kuvunwa. Wachunguzi waliandika kwamba mkia ulizidiwa na urefu wa bodi. Sisi hatukuulizwa kitu. Huenda waliandika kweli. Lakini mimi naijua kauli yangu, na shemeji yangu hayupo.

Siku ya mazishi nilikwenda na bakuli la viazi vya kuoka, kama wenzangu wote. Verna hakulia. Walipotaka kushusha jeneza aliwazuia kwa mkono, akainama, akagonga ubao kwa kifundo cha kidole. Mara tatu. Halafu akaniangalia mimi, akangoja.