Mtani wa Baba na Nyimbo za Nchi za Baridi

Harufu ya lehemu ikinipata popote, hata kwenye kibanda cha fundi simu, miguu yangu husimama yenyewe. Juzi nilisimama hivyo mpaka fundi akaniuliza, "Dada, kuna tatizo?" Nikamwambia hakuna, wewe endelea kuunguza. Ningemweleza nini kijana wa watu? Kwamba moshi ule mchungu ndio ulikuwa manukato ya baba yangu?

Baba alikuwa fundi redio na televisheni hapo Tabora mjini, na karakana yake ilikuwa kibaraza cha nyumba yetu. Hakuwa mtu wa kununua vitu. Alikuwa mtu wa kuunganisha. Televisheni yetu ilikuwa na sura ya kampuni moja na matumbo ya kampuni tatu, na ilihitaji kupigwa kofi ubavuni kila ikianza kuchora mistari. Dishi letu, kubwa la kuweza kuogeshea ndama, aliachiwa na mteja aliyehama, akalifunga juu ya ringi ya baiskeli ili lizunguke. Yeye alikuwa anazungusha juu ya paa, mimi nimesimama mlangoni napiga kelele: "Imekuja! Imekwenda! Rudisha, rudisha!"

Siku moja lilinasa kituo cha mbali huko, nchi za baridi, na tukakuta wanaonyesha video za mashindano ya nyimbo. Kila nchi ilileta wimbo mmoja. Tangu hapo, kila mwaka mvua zikikatika, baba alikuwa analielekeza dishi upande ule, na alasiri, akishafunga kazi, tunakaa kutazama. Fainali yenyewe ilikuwa inarushwa tumeshalala, kwa hiyo sisi mshindi hatukumjua hata mwaka mmoja. Na lugha zao hatukuijua hata moja. Mambo hayo mawili hayakumzuia mtu kutoa maoni.

Mtoaji maoni mkuu, baada ya baba, alikuwa Mama Chausiku. Huyu alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mzaramo aliyeletwa Tabora na mume wake mfanyakazi wa reli. Mume akafariki, yeye akabaki na binti yake Chausiku na vitumbua vyake, ambavyo mtaa mzima ulikuwa unavipangia foleni asubuhi. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, tangu enzi hizo babu zetu walipokuwa wanabeba mizigo kwa miguu hadi pwani na kupokelewa huko. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na wewe kazi yako ni kucheka. Kwamba mtani ana kazi nyingine zaidi ya kutukana, nilikuwa sijaambiwa.

"Hodi kwa wapagazi!" ndiyo ilikuwa salamu yake.

"Karibu, mcheza ngoma," baba anajibu. "Leo huko kwenu nani kaota jino, mmeshakesha?"

Akishakaa, kila mmoja anachagua nchi yake, na mwenzake anaichambua mpaka ibaki mifupa. Basi linatokea jibaba limevaa suti, linapiga kinanda katikati ya mvua. Mama Chausiku anatoa macho. "Kinanda chote kile anakiacha nje masika? Huyu hana mke wa kumkumbusha?" Anatokea dada mwenye gauni jeupe, refu hadi pembeni ya kioo, anatembea juu ya barafu. Baba anauliza nani atalifua. Anatokea kijana kifua wazi, analia huku anakimbia msituni, anageuka nyuma, anakimbia tena.

"Huyo nyuki," baba anasema, hana hata chembe ya wasiwasi. "Kaenda kurina bila moshi. Wangemwuliza mtu wa Sikonge."

"Nyuki kwenye baridi ile? Huyo anakimbia mahari."

Kulikuwa na mmoja aliyeimba kwenye ukingo wa jabali, bahari inachemka chini yake, na Mama Chausiku alishindwa hata kumtukana. Alibaki anasema, "Jamani, huyu wazazi wake wako wapi? Mwambieni arudi nyuma kidogo." Wengine walikuwa mume na mke, kila mmoja kwenye ncha yake ya meza ndefu, chakula kimejaa, wanaimbiana badala ya kula. Hapo mama yangu, ambaye kwa kawaida alikuwa kimya anachambua mchele, alisema polepole, "Wali ukipoa unakuwa jiwe," na baba akacheka mpaka akaanguka kutoka kwenye kigoda. Mbavu hatukuwa nazo siku hiyo. Baba alikuwa anapenda sana kumchekesha Mama Chausiku, lakini nadhani mwenye hukumu alikuwa mama. Kila baba akisema neno, alikuwa anamtazama mama kwa pembe ya jicho.

Mwaka niliotimiza miaka kumi, baba aliugua siku nne, ya tano akafa.

Nyumba ilijaa watu. Televisheni ilifunikwa shuka. Mama aliketi chumbani kwenye mkeka, mgongo ukutani, akatazama mbele. Hakulia. Hakula. Uji uliletwa ukapoa, ukaondolewa, ukaletwa mwingine. Siku ya tatu nilimsikia shangazi akimnong'oneza mwenzake, "Huyu atamfuata mumewe, tutazame tu." Nilikwenda nikashika pindo la kanga ya mama, na sikuliachia, hata haja nilibana.

Ndipo tukasikia barazani: "Hodi kwa wapagazi!"

Mama Chausiku aliingia amevaa koti la kazi la baba. Lile lenyewe, lenye matobo ya lehemu. Puani ameweka miwani ya baba, ile iliyofungwa mkono kwa waya wa shaba, na anatembea kama baba, bega la kushoto limeshuka kidogo. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya ile televisheni iliyofunikwa, akaipiga kofi ubavuni.

"Nyamazeni huko na vilio vyenu," akasema kwa sauti ya baba. "Mashindano yanaanza. Nchi ya kwanza leo, Ahera. Loo! Magauni meupe, marefu hadi chini. Hawa nani anawafulia?"

Mtu mmoja alicheka kisha akajiziba mdomo.

"Na huyu mpagazi aliyeingia sasa hivi mnamwona? Hajapumzika, hajasalimia mtu, kashapanda paani anauliza dishi lielekee wapi." Akageuka, akamtazama mama kupitia ile miwani. "Haya, na mkewe huku kagoma kula. Anadhani akikonda watamwonyesha kwenye video."

Mama alitoa sauti puani. Mimi sikungoja kujua ni sauti gani. Niliachia kanga, nikamrukia yule mwanamke, nikampokonya miwani ya baba yangu na nikamng'ata mkono mpaka nikaonja chumvi. "Toka kwetu!" nilipiga kelele. "Toka! Mchawi wewe!"

"Yarabi!" akasema, ameinua mkono wake. "Kumbe wapagazi wanafuga fisi!"

Watu waliangua kicheko. Na mama, nikiwa nimebebwa juujuu na shangazi, nilimwona anacheka, mabega yanamtikisika, anacheka hata kicheko kikapinduka kikawa kilio, kilio ambacho sijakisikia tena kwa mtu yeyote. Alilia mpaka akaishiwa sauti. Akaomba maji. Halafu akaomba uji, akanywa vikombe viwili.

Mtu mzima angeyaona hayo yakifuatana. Mimi niliona kitu kimoja tu: baba yangu amechekwa. Dirishani nilimwona Mama Chausiku anaondoka, amekumbatia mkono wake, na nikajua anakwenda kwake kumalizia kicheko.

Mimi mgumu wa kusamehe, sikufichi. Mwaka mzima sikumpa shikamoo. Napita mlangoni kwake, uso nimeukunja, yeye anaitikia hivyo hivyo: "Marahaba, mwanangu! Umeamkaje?" Baadaye nilikwenda shule ya bweni, nikapata kazi mbali, nikawa namsalimu vizuri na kumpelekea kanga. Lakini lile jambo sikulitaja, na yeye hakulitaja, ingawa alama ya meno ilikuwa pale pale mkononi.

Mwaka jana mama alinipigia simu kwamba Mama Chausiku amefariki. "Njoo," akasema. "Mtani wa nyumba ile sasa ni wewe."

"Mama, mimi siwezi mambo hayo."

"Kwani yeye aliweza?"

Nilimkuta Chausiku kwenye mkeka, mgongo ukutani, uji umewekwa pembeni una utando. Shangazi zake waliniona, wakanisogezea njia. Nilichukua aproni ya marehemu msumarini, yenye mafuta yake, nikaifunga, nikashika kijiti chake cha kugeuzia vitumbua. Nikaanza kwa sauti yake. Nikawachambua waombolezaji mmoja mmoja, nani kavaa nini, nani analia huku anachungulia sufuria. Nikafika kwa Chausiku. "Na huyu mshindani wa mwisho mbona hafungui mdomo? Wimbo wake umeisha au hajaanza?"

Akainua uso, akaitazama aproni ya mama yake. Kisha akacheka, na kicheko kikapinduka, kama nilivyojua kitapinduka. Shangazi zake wakamshika. Mmoja akakimbilia uji.

Nilipiga utani mmoja zaidi kutokea mlangoni, watu wakacheka, nikatoka natembea kwa madaha. Nilizunguka nyuma ya jiko, nikachuchumaa kwenye majivu, nikajijaza ile aproni mdomoni nisisikike ndani, nikalia. Hapo ndipo nilipojua Mama Chausiku alikwenda kufanya nini siku ile alipotoka kwetu.