Nilijitangaza champion wa chess Mbumbuni kabla sijamshinda mtu hata mmoja

Wakuu, poleni na kazi. Na wale wa kukaa nyumbani kama mimi, poleni na kukaa.

Hii naandika ilinipata mimi mwenyewe. Mashahidi wengine bado wako hai na hawana huruma, kwa hivyo hata nikitaka kutia chumvi siwezi.

Nianze na ujinga wangu.

Miaka ya themanini nilibandika notice kwa ukuta wa posho mill, mashine ya kusaga mahindi, pale Mbumbuni. Niliandika kwa mkono wangu, herufi kubwa: CHAMPION WA CHESS WA MBUMBUNI ANAKARIBISHA MTU YEYOTE KUTOKA MAHALI POPOTE.

Champion alikuwa mimi.

Na mtu pekee niliyekuwa nimemshinda tangu nizaliwe ni mimi.

Wacha nieleze ilifikaje hapo. Nilikuwa nimemaliza Form Four na matokeo ambayo sitayaweka hapa, hata mkiniomba kwa inbox. Shuleni kulikuwa na mwalimu mmoja mgeni aliyetufundisha chess kwa term moja. Akienda kwao aliniachia board, kete, na kitabu chembamba ambacho mchwa walikuwa wameshaanza kukisoma. Sababu ya kuniachia mimi ni kwamba ndiye pekee nilikuwa sitoki kwenda kucheza mpira.

Nikarudi nyumbani, nikakaa. Mimi ni mtu wa kukaa. Hata soko la Kikima, ambalo watu wa kwetu wanaenda bila kufikiri, mimi nilikuwa nafikiri wiki mbili halafu siendi.

Jioni nikishafungia mbuzi nilikuwa napanga board na kucheza peke yangu. Upande wa nyeupe ndio kiti changu kilikuwa, upande wa nyeusi kulikuwa na ukuta. Nacheza ya nyeupe, nanyoosha mkono nacheza ya nyeusi.

Nyeupe ilishinda miaka miwili mfululizo. Mimi nikaona hiyo ni talanta.

Mama watoto, maana nilioa mapema, alikuwa akipita na sufuria ya muthokoi anauliza, "Leo umecheza na nani?"

Namwambia, "Na ukuta."

"Na ukuta umekubali kushindwa tena?"

Hiyo ilikuwa onyo, wakuu. Sikuisikia.

Sasa, shida yangu ilikuwa nataka watu wacheze. Kila duka pale sokoni lilikuwa na wanaume wanacheza drafti na vifuniko vya soda, wanapiga kelele, wanafurahi. Chess hakuna mtu aliijua. Nikaenda kwa kamati ya kanisa kuomba chumba cha zamani cha nursery, kilikuwa kimekaa tu na madawati mawili na popo.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Kilonzo. Huyu mzee alikuwa anaangalia kitu kama mtu anayekagua ng'ombe kabla ya kununua. Nikampangia kete mezani, nikazitaja moja moja. Kufika kwa askofu akainua mkono.

"Huyo anafanya nini hapo?"

"Ni askofu, mzee. Anasimama karibu na mfalme."

"Sisi kanisa letu halina askofu."

Kweli halikuwa naye, na watu walikuwa wameshawahi kugombana juu ya hiyo kitu mpaka wengine wakahama. Nikaona chumba kinaenda. Nikasema haraka, "Kwa hii yetu tutamwita mwinjilisti. Hatembei barabara kubwa, anapita njia za kukata kona mpaka afike mbali."

"Na anarudi?"

"Akitaka anarudi."

"Basi huyo ni mzuri kuliko wetu."

Kamati ikacheka, nikapewa ufunguo. Lakini kwa masharti. Isiwe kamari. Na mpaka mavuno yaishe, kama hakuna angalau watu kumi wanacheza, chumba kinaenda kwa kwaya ya akina mama. Kwaya ilikuwa inakitaka kweli. Walikuwa wameshapima madirisha waweke pazia.

Jumamosi ya kwanza walikuja watu wawili. Mmoja alikuwa jirani yangu Mutisya, mchongaji wa vinyago. Wa pili alikuja kulala, kwa sababu chumba kilikuwa na baridi nzuri.

Jumamosi ya tano bado walikuwa hao wawili, na yule wa kulala alikuwa ameanza kukoroma.

Hapo ndipo nilipata wazo la notice. Na wazo lingine kubwa: tucheze nje, siku ya soko, na kete kubwa ambazo hata mtu wa nyuma ataziona. Watu wakiona champion wao akimpiga mgeni, wataingia wenyewe.

Mutisya akakubali kuchonga. Alikuwa na magogo yamebaki na watalii walikuwa wamepungua. Akachonga mwezi na nusu, kila kete inanifika gotini. Kazi safi, sitasema uwongo. Ila farasi hakuwahi kuona. Huku kwetu farasi utamwona wapi? Akachonga mnyama anayemjua. Kwa hivyo farasi wetu wanne walikuwa punda, na kila punda amebeba mitungi miwili ya maji.

Nikamuuliza, "Mitungi ni ya nini?"

"Punda bila mitungi anaenda wapi?"

Mitungi ikabaki.

Kuhusu rangi alifanya vile wachongaji wote walikuwa wanafanya. Mpingo ni ghali, kwa hivyo unachukua mti mweupe, unaupaka polish nyeusi ya viatu, unasugua mpaka unang'aa, na mtalii anaenda kwao akiamini amebeba mpingo. Nusu ya kete akaziacha nyeupe, nusu akazipaka polish. Kumbukeni hiyo polish.

Notice ilikaa wiki tatu. Hakuna mtu. Nikaanza kusema huko kwa mill kwamba wameniogopa.

Halafu mama mmoja wa hapo kwetu akanitumia salamu: mpwa wake anafanya kazi ya nurse hospitali ya Mutomo, anakuja kumtembelea, na anajua hiyo mchezo. Alifundishwa na mgonjwa aliyevunjika mguu akalala kitandani miezi mitatu. Anaitwa Syombua.

Nilifurahi, wakuu. Nikasema kimoyomoyo, nurse aliyefundishwa na mgonjwa. Huyu nitamshinda polepole, nisimwaibishe.

Siku ya soko tukachora board chini mbele ya chumba. Miraba ya majivu, miraba ya udongo. Jua la saa sita lilikuwa pale pale juu. Watu wakajaa: wauza maembe, wauza kamba, wale wa drafti wote, kwaya nzima wamekuja kuangalia chumba chao, na Mzee Kilonzo kwa kiti mbele.

Syombua akafika. Mama mfupi, mpole, kitambaa kichwani. Akanisalimia vizuri. Akawaangalia punda, akawaangalia tena.

Kwa heshima ya mgeni nikamwambia achukue nyeupe.

Naomba mrudi nyuma kidogo. Kwa miaka miwili nyeusi ilikuwa ya ukuta.

Akasukuma askari wa mbele ya mfalme. Na mimi wangu. Akatoa mwinjilisti, akapita kona mpaka katikati. Nikatoa punda. Halafu akabeba malkia wake kwa mikono miwili kama mtoto, akampeleka mpaka ukingoni, peke yake, huko kwangu.

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, watu wote wasikie. Nikawaelezea, "Mnaona? Ametoa malkia mapema. Kitabu kinakataza." Nikamleta punda wa pili nimfukuze naye.

Huku nabeba hao punda, jasho linanitiririka, najipangusa uso.

Syombua akaniuliza kwa sauti ya chini, "Una uhakika?"

"Cheza tu, dada."

Akamchukua malkia akala askari aliyekuwa kando ya mfalme wangu. Nikataka kumla malkia na mfalme. Nikainama, nikashika mfalme, halafu nikaona mwinjilisti. Alikuwa kule mbali, kwa ile njia yake ya kukata kona, anaangalia pale pale malkia amesimama. Nikimla malkia, mwinjilisti ananila. Nikikimbia, hakuna mahali.

Hatua nne, wakuu. Nimebandika notice wiki tatu, nimechezwa hatua nne.

Watu wakangoja nicheze, kwa sababu hawakujua imeisha. Ikabidi mimi mwenyewe niwatangazie. Nikainuka, nikawageukia, nikasema, "Imeisha. Amenishinda."

Hapo ndipo soko liliangua kicheko. Nikafikiri ni kushindwa wanachekea. Kumbe jua lilikuwa limeyeyusha polish ya Mutisya, na mimi ndiye nilikuwa nabeba nyeusi. Uso wangu ulikuwa na polish kutoka paji mpaka kidevu. Mikono ya Syombua ilikuwa safi kabisa.

Mama mmoja wa kwaya akasema, "Aiya! Champion amepigwa rangi!"

Nilienda nyumbani. Hata kete niliacha huko chini.

Wiki mbili sikutoka. Kwangu hiyo si adhabu, lakini safari hii hata nyumbani palikuwa pabaya. Sukari mama watoto alienda kununua, na kila akirudi alikuwa anajibana midomo asicheke.

Chumba nilikihesabu kimeenda. Mavuno yalikuwa yamebaki wiki chache, na mtu wa kulala pekee hafiki kumi.

Asubuhi ya Jumamosi ya pili nikasikia Mzee Kilonzo anabisha. Nikachukua ufunguo ukutani, nikamtolea mlangoni kabla hajaomba.

Hakuupokea.

"Wewe umefungia watu nje wiki mbili kwa nini?"

"Watu gani, mzee?"

"Kuja uone. Lakini nawa uso kwanza."

Nilikuta watu kumi na wanane wamekaa kwa ngazi na kwa nyasi. Niliwahesabu mara mbili. Wa drafti walikuwepo, mwenye butchery alikuwepo, na wale wa kwaya watatu. Nikafungua mlango, na kila mtu alitaka kitu kimoja: nifundishe ile ya mama wa Mutomo.

Hakuna aliyetaka kujifunza chess, tuelewane. Walitaka kujifunza kunishinda mimi.

Na walinishinda! Mwenye butchery alinipiga na ile ile ya hatua nne Jumamosi hiyo hiyo, kwa sababu hata mimi nilikuwa sijajua inazuiwa aje. Alizunguka soko na kisu mkononi akitangaza.

Nikamwandikia Syombua barua, nikampa yule mama yake mdogo apeleke. Nikamuuliza nifanye nini. Jibu lilikuwa fupi, nyuma ya karatasi ya chati ya hospitali: "Andika kila mchezo unaoshindwa. Ile unashinda usiandike, haina kitu ya kukuambia. Na uache kucheza na ukuta." Sijui nani alimwambia habari ya ukuta. Namshuku mtu mmoja wa nyumba yangu.

Nikanunua exercise book. Nikapatia miraba ya board namba na herufi, nikaandika kila kipigo na jina la aliyenipiga. Jioni nazirudia moja moja, natafuta mahali nilianza kuharibika. Karibu kila mara ilikuwa mahali pale pale: pale nilipoanza kufurahia mpango wangu nikasahau yule mwingine naye ana wake.

Ukicheza peke yako hilo swali haliji. Unajua adui anataka nini, kwa sababu adui ni wewe. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya miaka miwili ya kutomwangalia mtu.

Basi nikajilazimisha. Kabla ya kugusa kete, nauliza kimoyomoyo, huyu anataka nini? Mwenye butchery aliacha kunipiga baada ya kama mwezi, akakasirika akasema nimebadilisha sheria.

Mavuno yakaisha, kamati ikaja kuhesabu, na ilibidi wahesabie nje kwa sababu ndani watu hawakutoshea. Kwaya ikapewa kabati kwa kona ili amani iwe. Mwaka uliofuata watu wa Kikima wakatuma ujumbe tuwafundishe, na mimi, mtu wa kukaa, nikaenda. Sikufikiri hata siku tatu. Tuliwapelekea na wale punda, safari hii Mutisya amewapaka rangi ya mafuta.

Syombua alirudi Krismasi. Tukacheza ndani, board ndogo, mimi tena na nyeusi. Tulianza tukitoka kanisani, tukamaliza mbuzi wamesharudi wenyewe. Alinishinda. Exercise book inasema hatua hamsini na tatu.

Akajinyoosha mgongo akasema, "Leo umenichosha."

Wakuu, sijawahi kupata sifa kubwa kuliko hiyo.

Somo langu ni hili, na mnaweza kulikataa: ukitaka watu waingie kwa kitu, waache waone unakihangaikia. Mtu haingii mlango ambao umeandikwa champion. Na ukitaka kuendelea kwa huu mchezo, tafuta mtu anayekupiga, umshukuru, uandike.

Wale mnacheza huko mliko, semeni mlijifunzaje na nani aliwaaibisha kwanza. Watu wa Kitui na Makueni najua mpo, msijifiche.

Kabla ya kupandisha huu uzi nimemsomea Mutisya, bado ni jirani, bado anachonga. Nilipofika kwa hiyo maneno ya somo akanikatiza hapo kwa ua:

"Wewe usiwadanganye watu. Wewe hukufundisha hii soko chess. Wewe ulishindwa mahali kila mtu anakuona, na hiyo ndiyo kazi moja umewahi kufanya ukiwa nje ya nyumba yako."