Kijani cha Mlimani

Mtaalamu wa ramani za maporomoko ya ardhi hajawahi kuchafua viatu kwa matope, na kwake hiyo ndiyo faida ya kusoma. Milima yote anayo ndani ya kompyuta. Anaizungusha kwa kidole kimoja, anainyeshea mvua ya kubuni, kisha anaegemea kiti kungoja rangi: nyekundu ni pa kuhama, njano pa kuangalia, kijani pa kulala fofofo. Akingoja, hufuta kioo kwa ncha ya tai, polepole, kama anayempangusa mtoto makamasi. Wakubwa wakiingia, sauti yake hulainika ghafla. "Nyekundu imezidi, bwana," walilalamika safari hii. "Watu wote hao tuwapeleke wapi?" Hakubisha. Alibonyeza hapa na pale, akaiamuru kompyuta isianze kuogopa mteremko mpaka uwe mkali zaidi, na mtaa mzima wa mlimani ukageuka kijani mbele ya macho yao. Wakampigia makofi.

Ramani ikabandikwa mapokezi. Haikupita wiki, dada yake akaja, amechangamka, akaweka kidole palepale mlimani. "Mdogo wangu, nimepata kiwanja hapa. Kijani kitupu! Nijenge?" Mtaalamu akatazama kushoto, akatazama kulia, akamshika kiwiko na kumvuta hadi kwenye korido.

"Dada, usithubutu."

"Kwani ramani si yako?"

"Yangu, ndiyo," akanong'ona, huku akiipapasa tai. "Lakini ile ni ya wananchi."