Kanga Aliyejibu Msituni Ipole

Msitu wa Ipole baada ya mvua za kwanza hunukia udongo na uyoga, na harufu hiyo hunikausha mate mpaka leo. Nilikuwa na miaka kumi. Baba alikuwa na gobore, kibali cha kuwinda ndege, na mke aliyejifungua juzi akitamani mchuzi wa kanga. Mimi nilikuwa na mdomo. Babu mzaa mama alinifundisha kuita kanga, "che-kwaa, che-kwaa", hata kanga wenyewe wakageuka. Baba akijaribu alisikika kama mbuzi, basi akanichukua mimi akawaacha kaka zangu. Niliringa njia nzima, si mchezo!

Tulijibanza nyuma ya kichuguu. "Ukisema neno moja," baba alinong'ona, "huji tena huku." Nikaita. Ndani ya majani marefu kanga akajibu. Nikaita tena, akajibu, akasogea, majani yakatikisika. Baba akainua gobore, akavuta nyundo yake taratibu.

Hapo nikashtuka. Kanga wa kweli hana adabu, humkatiza mwenzake na kulia ovyo. Huyu alikuwa ananisubiri nimalize ndipo ajibu, na mwishoni alivuta pumzi kidogo, vile vile alivyotufundisha babu. Na babu alitufundisha wawili tu, mimi na mjomba Kulwa, mdogo wake mama. Lakini je, nikikosea? Kanga ataruka, mama atakosa mchuzi, nami sitaletwa tena. Niliogopa, jamani, niliogopa. Kidole cha baba kikaanza kujikunja.

"Baba, usipige! Mjomba, ni mimi!"

Majani yakatulia. Kisha mjomba akasimama polepole, gobore lake bado likielekea kichuguu chetu.

"Shemeji," alimwambia baba, "nilitaka nimpelekee dada kanga." Baba akaketi chini kwenye matope, akalia mbele yangu kwa mara ya kwanza. Jioni ile mama alikunywa uji mtupu.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Enzi zetu mtoto mwema alikuwa yule anayenyamaza. Wanangu hapa Tabora mjini wananijibu neno kwa neno, majirani wanasema nimewadekeza, nami nawaacha waseme. Mjomba sasa ana wajukuu sita. Kila Krismasi wanakuja kwangu, "Shikamoo, shangazi," nami naitikia marahaba huku nawahesabu, na nikifika wa sita naanza upya.