Pipa Chini ya Kitanda

"Mungu wako anatoa kwa kijiko, wifi! Leo kijiko, kesho kijiko. Mimi nimezaa watoto, sikuzaa vifaranga!"

Hayo alinitupia mjane wa kaka yangu, amesimama mlangoni pake, mkono kiunoni. Nilimuuliza tu kwa nini watoto wanalala na uji mwepesi wakati pipa la unga limejaa pomoni chini ya kitanda. Tena bakuli langu la unga, nililomkopesha siku ya mazishi, sikuligusia. Nina adabu zangu.

"Ule ni wa siku mbaya," akasema.

"Na hizi ni nzuri?"

Akanifungia mlango.

Wifi ni fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule. Kila alfajiri hupiga magoti akaomba riziki ya siku hiyo, kisha anainuka na kuficha nusu yake. Kaka alipokufa hofu ilimwingia wifi, haikutoka. Pipa aliliosha mbiombio, likiwa bado na unyevu akamimina unga, akalifunika nailoni na kulikaza kwa kamba. Panya hakupita. Hewa nayo haikupita.

Kisha shule ikaanza kununua sare za kiwandani. Ukuta wetu ni mmoja. Nilizoea kusinzia kwa mlio wa cherehani yake. Sasa haukusikika tena. Baadaye ikaja harufu, kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni.

Nilimkuta anachekecha. Unga umeshikana mabonge, una ukungu wa kijani. Mabonge alikuwa anawatupia kuku wake wawili tangu juzi.

"Usiwape watoto huo."

"Ukichemka sana hauna neno. Au niwape nini, kijiko?"

Sufuria ilikuwa tayari jikoni, inatokota. Watoto wameketi na sahani zao, kama watu wanaosubiri hukumu. Mimi nikanyoosha kidole uani. Kuku mmoja amelala ubavu, miguu imekauka. Mwenzake anazunguka palepale, shingo imepinda, mdomo wazi.

Wifi alitazama kuku, akatazama sahani. Akaipua sufuria kwa mikono mitupu, akaenda kuimwaga shimoni. Aliporudi viganja vimebabuka.

"Hata mana waliyoificha wale wa jangwani ilitoa funza," akasema. "Nimeyasikia kanisani tangu utotoni. Nikadhani ni habari za wao."

Usiku ule watoto walikula kwangu. Pipa tulilifukia pamoja.

Asubuhi alipiga magoti kama kawaida, ila hakuwa na cha kuficha. Saa sita haijafika, mwenye mashine ya kusaga akamletea magunia yaliyochanika ayazibe. Alimlipa unga, mabakuli mawili.

Moja akaja nalo kwangu.

"Deni la mazishi."

"Wifi, na kesho mtakula nini?"

"Sijui," akasema, akanisogezea bakuli.

Nikalipokea. Kabla sijamimina nikaliinua puani nikanusa, mbele ya macho yake. Hakukasirika.

"Nusa, wifi, nusa," akasema. "Wa leo huo."