Lango Dogo la Eddah na Mkuu Mpya wa Chuo

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, ukumbi mkubwa wa Chuo Kikuu cha Mkwajuni, hapa Frere Town, unanuka dawa ya sakafu. Bi Eddah Masha anarudi nyuma hatua kwa hatua, ameinama, dekio mikononi. Kando ya ukuta kuna viti mia mbili na arobaini vya plastiki, vimepachikana, vinangoja avipange.

Mlangoni anatokea mhadhiri na mkoba wake. Anataka kukatiza aende ofisini.

"Subiri ikauke, profesa," Bi Eddah anamwambia bila kuinua kichwa.

Profesa anaangalia saa, anaguna, lakini mguu hauinui. Chuo kizima kinaijua sheria ya akina mama wa usafi: kwenye deki mbichi hapiti mtu. Ukipita, unakabidhiwa ndoo urudie mwenyewe.

"Hata mkuu wa chuo aliyeondoka alikuwa anangoja," asema Roseline Achieng, ambaye amefanya kazi na Bi Eddah kwa miaka tisa. "Hapa hakuna kingine wanachotuheshimia. Ni hicho tu."

Viti vinapangwa kwa sababu Jumatatu mkuu mpya wa chuo anaripoti kazini. Kutakuwa na nyimbo, keki na hotuba. Na katika hotuba hizo, sina shaka hata kidogo, kuna mtu atasimama aseme kwamba mkuu huyu ametokana na maoni ya jamii.

Basi tuizungumze hiyo jamii.

Bi Eddah ana miaka hamsini na mitatu. Wazazi wake walishuka kutoka Kaloleni kutafuta vibarua, wakapata chumba hapa Frere Town, na hapa ndipo walipozikwa. Mwaka wa 1987, wakati wenyeji walipoamua kujijengea zahanati, mama yake alikuwa miongoni mwa wanawake waliobeba kokoto.

"Kila mama alipangiwa karai ishirini kwa siku," akumbuka Bi Eddah. "Mimi nilikuwa msichana, nikimsaidia baada ya shule. Mawe tuliyaponda wenyewe kwa nyundo. Ile zahanati haikuletwa na mtu, mwanangu. Ni mikono yetu."

Chuo kilipokuja na ukuta wake miaka kumi iliyopita, zahanati ikajikuta ndani. Wenyeji waliahidiwa kwamba wataachiwa lango dogo upande wa makaazi, na kwa muda ahadi hiyo ilitimizwa. Mama mjamzito alikuwa anaingia kwa miguu, anajifungua, anarudi nyumbani na mtoto mgongoni.

Miaka mitatu iliyopita kompyuta mbili ziliibwa kwenye maabara. Mkuu wa wakati huo akaagiza lango dogo lifungwe. Asiye mwanafunzi wala mfanyakazi akitaka huduma, alete barua iliyotiwa saini na ofisi ya mkuu. Haijulikani hadi leo kompyuta zilipitia wapi, lakini wanawake wajawazito ndio walioadhibiwa.

Bi Eddah ndiye anayepiga deki zahanati hiyo. Kila siku, baada ya ukumbi na vyoo vya ghorofa mbili, anamalizia kwenye chumba cha kujifungulia. Anafuta kitanda, anabadilisha maji ya ndoo mara tatu, anafungua madirisha. Kwa kazi hiyo yote kampuni ya usafi iliyomwajiri, yenye ofisi zake Magongo, humlipa shilingi elfu kumi na moja kwa mwezi.

"Nimehesabu," asema. "Kutoka lango dogo mpaka kitanda kile ni hatua sitini na mbili. Hatua zangu mimi, na mimi ni mfupi."

Kwa nini amehesabu? Kwa sababu ya Jumamosi moja ya Januari mwaka jana.

Siku hiyo binti yake, Dorcas, alishikwa na uchungu saa tano mchana, siku kumi kabla ya tarehe aliyoambiwa. Jirani akamtafutia tuktuk. Dorcas akasema wapitie lango dogo kwanza, kwa kuwa mama yake yuko ndani na atawasemea. Alimpigia mama yake simu mara saba.

Simu ya Bi Eddah ilikuwa ndani ya boksi. Kanuni ya kampuni ni kwamba wafanyakazi wa usafi huacha simu zao kwa msimamizi asubuhi na kuzichukua jioni.

Langoni alikuwa bawabu Kyalo, kijana aliyekuwa na wiki tatu tu kazini. Ufunguo ulikuwa kiunoni mwake.

"Mimi niliambiwa hakuna kufungua bila barua, hata awe nani," asema Kyalo, ambaye bado analinda lango hilo. Anaongea huku anatazama chini. "Nilipiga simu ofisini, hawashiki. Ilikuwa Jumamosi. Huyo dada alikuwa anaita mama yake kwa sauti, nami sikujua mama yake ni nani. Na hata mimi si wa chuo. Mimi ni wa kampuni ya ulinzi. Ningefungua, ningefutwa kabla jua halijatua."

Walingoja dakika arobaini. Kisha dereva wa tuktuk akasema yeye hataki mtu amfie mikononi, akageuza waende hospitali ya serikali ng'ambo ya daraja. Mtoto alizaliwa wakiwa kwenye foleni ya magari. Alikuwa mvulana. Hakulia.

"Saa hiyo nilikuwa wapi?" Bi Eddah anaweka dekio chini. "Niulize. Nilikuwa chumba cha kujifungulia, nasugua kitanda, madirisha bado sijayafungua. Kitanda kitupu! Hakukuwa na mgonjwa hata mmoja siku ile, haki ya Mungu. Mwanangu ananiita nje ya ukuta na mimi nasugua kitanda."

Profesa aliyekuwa akingoja mlangoni ameshaondoka, na sakafu imekauka.

Mwezi wa tatu mwaka huu, chuo kikatangaza kwamba kinatafuta mkuu mpya, na safari hii kila mtu atasikilizwa. Jopo likaundwa. Vikao vitatu vikapangwa: Jumanne wafanyakazi, Jumatano wanafunzi, Alhamisi jamii. Bango kubwa likachapishwa likiwa na maandishi, "Sauti Yako, Mkuu Wako." Na wakalifunga wapi, kwa akili zao? Kwenye lango dogo. Walilifunga kwa waya juu ya kufuli, kwa sababu hapo nje ndipo wenyeji wengi hupita.

"Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu," asema Bi Eddah. "Halafu nikasema, haya, wameuliza. Nitawajibu."

Jumanne, baada ya kupanga viti, alivua glavu akaketi safu ya nyuma. Afisa wa mawasiliano wa chuo, Bw Maxwell Oduor, akamjia kwa upole.

"Mama, hiki ni kikao cha wafanyakazi."

"Na mimi hapa ninacheza?"

"Wewe ni wa kampuni, mama. Njoo Alhamisi, siku ya jamii."

Jumatano alipanga viti vya wanafunzi. Alhamisi akafika kwenye meza ya kujiandikisha saa mbili na nusu, nywele amezisuka upya na kitambulisho kiko mkononi. Msichana wa mezani akamtambua. Akamwambia kwamba watu wa ndani siku yao ilikuwa Jumanne.

"Nikamwuliza, kwani mimi ni wa wapi?" asema. "Jumanne mimi wa nje, Alhamisi mimi wa ndani. Nikavaa koti langu la kazi nikarudi kwenye ndoo. Nilikuwa na hasira, lakini kazi ni kazi."

Na asubuhi hiyo ingeishia hapo, lau jamii yenyewe ingekuja. Haikuja. Kikao kiliwekwa saa tatu asubuhi siku ya kazi, na mahali pa kuingilia palikuwa lango kuu, umbali wa kilomita mbili kwa anayezunguka ukuta. Kufikia saa nne, viti mia mbili na arobaini vilikuwa na watu thelathini na mmoja. Mpiga picha alikuwa ameshafika.

Bw Oduor akatoka mbio mpaka stoo ya usafi. "Jamani, hebu vueni makoti mkakae mbele," akawaambia. "Dakika chache tu, picha ipigwe."

Wafagiaji na watunza bustani ishirini wakavua makoti. Wakapitishiwa orodha ya mahudhurio, wakatia saini. Bi Eddah ni nambari hamsini na moja. Kwenye sehemu ya kazi, msichana yule yule wa mezani akamwandikia: mkaazi.

"Basi nikawa jamii," asema, na safari hii anacheka kweli. "Kumbe ni koti tu lililokuwa linazuia!"

Lakini Bi Eddah hakukaa kwa ajili ya picha. Mwenyekiti wa jopo alipouliza kama kuna mwenye maoni, aliinua mkono. Bw Oduor alimkonyeza aushushe, lakini haukushuka. Akapewa kipaza sauti na dakika mbili.

Alieleza habari za karai za kokoto, akaeleza Jumamosi ile. Akamalizia kwa maneno ambayo Roseline ameyashika mpaka leo: "Mkuu mnayemtafuta, sitaki awe msomi kuliko wote. Nataka mtu atakayefungua lango dogo mwanamke akishikwa na uchungu. Hilo tu. Mengine mwambieni nyinyi."

Mzee mmoja akapiga makofi peke yake. Mwenyekiti akasema, "Ahsante sana mama, tumelinukuu."

Wageni wakaenda kula pilau. Nambari thelathini na mbili hadi hamsini na moja wakavaa makoti wakakusanya viti.

Ripoti ya jopo ilitolewa mwezi wa tano. Ina kurasa arobaini na sita, na mwandishi huyu alimpelekea Bi Eddah nakala. Macho yake hayasomi vizuri herufi ndogo, kwa hiyo nilimsomea. Maoni yake yako ukurasa wa ishirini na tisa. Yote, na mtoto ndani yake, yamekuwa sentensi moja: "Jamii iliomba kuboreshwa kwa mazingira ya kuingilia chuoni."

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Mazingira," akarudia. "Ati mazingira."

Ukurasa wa mwisho unasema kwamba jamii ilishirikishwa kikamilifu na kuridhika, na ushahidi ni orodha ya majina hamsini na moja iliyoambatishwa. Jina la mwisho ni lake. Alipoelewa maana yake, aliushika ule ukurasa kwa vidole viwili, akaukazia macho.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeridhika? Hii saini yangu ndiyo inasema nimeridhika?"

Nilimpigia Bw Oduor simu. Alisema maoni yote yalizingatiwa na kwamba ripoti za aina hii hulazimika kuwa fupi. Kuhusu wafagiaji waliovuliwa makoti, alisema hakumbuki.

Mtu angedhani mama huyu angekata tamaa akanyamaza. Hawezi, na sababu iko nyumbani kwake, kwenye kiti cha mlangoni, miguu imevimba. Dorcas ana mimba ya miezi saba. Anatarajiwa kujifungua mwezi wa nane. Hataki kuzungumza na gazeti. Alichosema ni kwamba usiku hapati usingizi, na kwamba bango bado liko pale langoni, limepauka.

Lakini wiki iliyopita kulitokea jambo. Mama anayesafisha ghorofa ya utawala ameingia likizo, na msimamizi amempa Bi Eddah zamu yake. Kuanzia Jumatatu, anayepiga deki ofisi ya mkuu wa chuo ni yeye. Kanuni ni kwamba kazi hiyo ianze saa kumi na mbili na iwe imekwisha saa moja na nusu, wakubwa wasimkute mtu na ndoo.

"Jumatatu deki itachelewa," asema Bi Eddah huku akipachua viti viwili vilivyong'ang'aniana. "Nimeshaamua. Nitaanza na madirisha, nitafuta meza, nitafuta vitabu kimoja kimoja. Sakafu nitaimwagia maji nikimsikia yuko kwenye ngazi."

Roseline anamwambia atafutwa kazi. Amemwambia hivyo tangu Ijumaa, na hata sasa anamwambia mbele yangu.

"Wacha nifutwe. Atafika mlangoni na suti yake, atakuta maji. Atasimama, maana wote husimama. Na mimi sitakuwa mfanyakazi wala sitakuwa jamii, nitakuwa mama yake Dorcas. Nitamwamkia vizuri, kisha nitamwambia habari yangu yote, tangu kokoto."

Namwuliza, na mkuu akisema ana haraka?

Bi Eddah anakiweka kiti chini, anakinyoosha kiende sawa na safu.

"Ataniwia radhi. Dorcas alingoja dakika arobaini."