Maneno ya Mzee wa Darajani

Mtaa mzima wa Bwiza unayajua maneno ya mzee wa darajani, na maneno yale ni yangu. Kwa miaka tisa nimetafsiri filamu katika ukumbi wa video, kipaza sauti mkononi, na nyingine nimezinogesha kuliko walivyozitengeneza wenyewe. Katika moja ya Kichina, mzee anayelinda daraja anamwambia adui yake maneno marefu. Mimi Kichina sijui hata salamu. Watu walikuwa wananisubiri, nikasema: "Mi sipigani na mutu ya njaa. Kula kwanza."

Ukumbi uliangua kicheko. Wiki haikuisha, wauza mishikaki wakawa wanaita wateja kwa maneno hayo, na wapagazi wa bandarini wanaamulia nayo ugomvi. Wote waliapa kwamba ni ya yule mzee. Nami nikanyamaza, maana mtafsiri akikiri kwamba anabuni, nani atamsikiliza tena?

Kisha nikapeleka posa. Baba wa msichana, fundi magari, alikwisha kusema hampi binti yake mtu anayedanganya watu gizani. Kwetu mposaji hafungui mdomo. Baba yangu mdogo ndiye aliyenisemea, na alikuwa anashindwa. Niliogopa, sifichi. Pilau ilipoletwa, fundi akatuambia tule kabla hajatoa jibu, kwani hata mzee wa darajani hakupigana na mwenye njaa.

Hapo nikavunja adabu. Singekubali kunyimwa mke kwa maneno yangu mwenyewe.

"Baba, yule mzee hakusema vile. Ni mi."

Akaniuliza mzee alisema nini basi. Nikajibu kwamba sijui. Baba mdogo akafumba macho, maana uongo niliotuhumiwa nilikuwa nimeukiri mbele ya wazee wote.

Fundi akarudisha tonge kwenye sahani. Akasimulia kwamba yeye na mdogo wake walinuniana miaka minne kwa sababu ya kiwanja cha Buterere. Siku moja mdogo wake akaja mlangoni kugombana. Maneno ya mzee wa darajani yakamtoka fundi, wakaketi wakala pamoja. Mwezi uliofuata yule mdogo akafariki.

Kisha akamwuliza baba mdogo mahari italetwa siku gani. Mimi akaniangalia mwisho.

"Kumbe ni we," akasema. "Nilimuzika ndugu yangu tumepatana."